Kwenda Pemba kwa boti: sala inaanza kupunguzwa wapi na kupunguza kunaachwa wapi?

mtendeni_kwetu

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi na mke wangu ni wakaazi wa Mjini, Unguja. Alhamisi tunakwenda Wete harusini kwa boti ya saa 7 mchana, yaani Adhuhuri itakuwa imeshaadhiniwa. Kurudi ni kwa meli ya usiku, Jumatatu au Jumanne, bado hatujakata tiketi. Maswali yangu:

Kuna wanaosali Adhuhuri na Alasiri mbili mbili nyumbani, mikoba ikiwa mlangoni, halafu ndiyo wanakwenda bandarini. Inasihi?

Tukishafika Wete tunaendelea na rakaa mbili mpaka lini?

Nikiingia msikiti wa Wete nikamkuta imamu yuko tahiyatu ya mwisho, nikasimama baada ya salamu yake, nasali mbili au nne?

Ndani ya chombo: kibla nakijuaje, na mke wangu chombo kikipita Nungwi tu huanza kutapika. Udhu wake unakuwaje?

La mwisho si langu, ni la mdogo wangu. Yeye huenda Dar kila wiki na hupunguza. Yuko sawa?

Sisi tunasali kwa madhehebu ya Imamu Shafii, kwa hivyo naomba hukumu ya madhehebu kwanza, khilafu (kauli zinazotofautiana nayo) zije baadaye.

---

maalim_wa_chuoni

Waalaikumu salaam. Umeuliza kwa mpangilio, Allah akulipe. Kabla ya yote tenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya: kupunguza (kasri) na kukusanya (jamu). Kupunguza ni kusali rakaa mbili badala ya nne, na kunaingia kwenye Adhuhuri, Alasiri na Isha tu. Magharibi ni tatu popote ulipo na Alfajiri ni mbili popote ulipo. Kukusanya ni kusali sala mbili katika wakati wa mojawapo: Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Alfajiri haikusanywi na kitu. Msafiri anaweza kupunguza bila ya kukusanya, anaweza kukusanya bila ya kupunguza, na anaweza kuvifanya vyote. Ukifanya kimoja hulazimiki kufanya cha pili.

Sasa suala la mikoba mlangoni. Haisihi, na hapa ndipo watu wanapoharibu sala kwa wingi. Ruhusa ni ya msafiri, na mtu aliyekaa sebuleni kwake na tiketi mfukoni si msafiri, ni mkaazi anayekusudia safari. Safari ya nchi kavu inaanza pale unapoyapita majengo ya mji wako. Kwa chombo kinachoondokea mjini kwenyewe, kama pale bandari ya Malindi hapa Mjini, inaanza chombo kinapoondoka. Aliyesali mbili nyumbani hajasali Adhuhuri, na Alasiri aliyoisali saa 6 na nusu ameisali kabla ya wakati wake bila ya ruhusa. Anadaiwa zote mbili.

Kwa safari yako una njia tatu. Nyepesi kuliko zote: adhana ikikukuta mjini, ingia msikitini kabla ya kwenda bandarini, usali Adhuhuri nne na jamaa. Umemaliza. Alasiri utaisali Pemba. Njia ya pili ni kuiacha Adhuhuri mpaka chombo kiondoke, kisha uzisali zote mbili humo humo ndani, mbili mbili, kwa jamu takdimu, yaani Alasiri unaitanguliza katika wakati wa Adhuhuri. Kuingiliwa na wakati ungali mjini hakukuzuilii kupunguza, maadamu unasali safarini na wakati haujatoka. Njia ya tatu ni jamu taakhiri: unanuia, ndani ya wakati wa Adhuhuri, kwamba unaichelewesha uisali pamoja na Alasiri, kisha unashuka bandari ya Mkoani, Pemba, na kuzisali zote mbili huko.

Kila jamu ina masharti yake. Takdimu: uanze na Adhuhuri, ndiyo yenye wakati, unuie kukusanya ukiwa ndani ya sala ya kwanza, na bora iwe pamoja na takbira ya kuhirimia (ya kufungulia sala), usiweke mwanya mrefu kati ya sala mbili, na uwe bado msafiri unapohirimia ya pili. Mwanya mrefu wanazuoni wameukadiria kwa rakaa mbili nyepesi. Kukimu kunaruhusiwa, na hata udhu wa haraka. Anayesalimia, akasali sunna ya baadia, akanyoosha miguu kidogo, amekata jamu, na Alasiri yake itangoja wakati wake. Sunna zisogeze mwisho.

Taakhiri ina mawili tu. La kwanza ni ile nia ya kuchelewesha, iwe kabla wakati wa Adhuhuri haujawa mfinyu kiasi cha kutotosha kusali. Ukipitiwa na usingizi bila ya nia hiyo, Adhuhuri inakuwa kadha, yaani sala inayolipwa baada ya wakati wake. La pili, uendelee kuwa msafiri mpaka umalize zote mbili. Hili linawagusa watu wa Pemba wanaorudi kwao zaidi kuliko wewe. Mkaazi wa Mkoani akishashuka gatini safari yake imekwisha pale pale. Alasiri atasali nne, na Adhuhuri aliyoichelewesha ataisali nne na itakuwa kadha, ingawa hana dhambi. Lakini mkaazi wa Wete aliyeshuka Mkoani bado ni msafiri mpaka aingie Wete, kwa hivyo akisimama msikiti wa njiani Chake akazisali mbili mbili, zimesihi.

Kuhusu nia, mahala pake ni moyoni, ulimi unausaidia moyo tu. Lazima iwemo katika takbira ya kuhirimia: unasali fardhi ya Adhuhuri, rakaa mbili, kwa kupunguza. Aliyesahau kunuia kupunguza amebeba nne. Na aliyenuia mbili kisha akajikuta anainuka kwenda ya tatu kwa kusahau, arudi kukaa mara tu akikumbuka, asujudu sijda ya kusahau kabla ya salamu, atoe salamu. Akiamua pale pale kwamba basi bora akamilishe nne, haendelei na kule kuinuka kwake kwa kusahau. Arudi akae kwanza, kisha ainuke upya na nia ya kukamilisha. Akiinuka makusudi bila ya kunuia kukamilisha, sala imebatilika.

---

maalim_wa_chuoni

Naendelea, maana pale palikuwa parefu.

Masafa. Katika madhehebu safari ya kupunguza ni marhala mbili, ambazo ni farsakhi 16, maili 48 za Kihashimia. Kwa kilomita wengi wameziweka kwenye 82 hivi. Bandari ya Malindi mpaka Mkoani ni kama kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, kwa hivyo hapana mushkeli. Na wewe huhesabiwi mpaka Mkoani, unahesabiwa mpaka unakokusudia. Ukiongeza barabara ya Mkoani, Chake mpaka Wete unazidi 130. Kuna faida katika nambari hiyo: safari ikifika marhala tatu, kama kilomita 123, kupunguza ndiyo bora kuliko kukamilisha. Ikiwa baina ya mbili na tatu, kukamilisha ndiyo bora, kwa sababu Abu Hanifa haoni kupunguza chini ya tatu na kutoka katika khilafu kunapendwa. Kwa hivyo anayeishia Mkoani mjini, bora kwake nne, na mbili zinasihi. Wewe wa Wete, bora kwako mbili.

Safari za ndani ya kisiwa kimoja mtu asijisumbue kuzihesabu. Pemba yote kutoka ncha hadi ncha ni kama kilomita 67, na Mjini mpaka Nungwi haifiki 82.

Kukaa Wete. Ukinuia kukaa siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, umekuwa mkaazi tangu unapofika, na unasali kamili tangu sala ya kwanza. Hungoji siku nne zipite ndiyo ubadilishe. Hebu zihesabu siku zako. Unafika Alhamisi, hiyo itoe. Ukiondoka Jumatatu, nayo itoe. Zinabaki Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Tatu, basi wewe ni msafiri muda wote na unapunguza. Ukiondoka Jumanne, inaongezeka Jumatatu, zinakuwa nne, na wewe ni mkaazi wa Wete kuanzia Alhamisi jioni. Siku moja ya tiketi inageuza hukumu yote. Kata tiketi kabla hujasafiri.

Mwenye shughuli asiyojua itakwisha lini, anatazamia leo au kesho, kama mtu anayengoja karatasi zake ofisini au bahari itulie, huyo anaendelea kupunguza mpaka siku 18. Lakini mwenye harusi siku zake anazijua.

Kumfuata imamu mkaazi: nne, bila ya mjadala. Aliyemfuata anayekamilisha hata kwa kitambo kidogo, hata kama amemuwahi katika tahiyatu ya mwisho kabla ya salamu, ameshafungwa na nne. Hii kauli ya mitaani, kwamba "sikuwahi rakaa hata moja kwa hivyo nasali zangu mbili", si ya madhehebu yetu. Na ukiingia msikiti usioujua, hujui imamu ni mkaazi au mpita njia, nuia kamili. Ukijua ni msafiri mwenzako ila una shaka kama atapunguza, hapo unaweza kunuia kupunguza. Akisimama kwa ya tatu, nawe unasimama naye.

Kinyume chake: ukiwa msafiri ukatangulizwa kuwasalisha wenyeji, unatoa salamu kwenye mbili, wao wanainuka kukamilisha. Waambie kabla ya kuhirimia, na tena baada ya salamu: "Kamilisheni sala zenu, sisi ni wasafiri." Usipowaambia kabla, utasikia subhanallah safu nzima.

---

baharia_wa_malindi

Mimi nijibu la kibla tu, mengine maalim keshamaliza.

Visiwa vyetu vimepewa neema moja: Makka iko karibu juu yetu kabisa. Unguja iko longitudo 39 na kidogo, Pemba karibu 39 na robo tatu, na Makka 39 na nukta 8. Kwa hivyo kibla chetu ni kaskazini. Unguja Mjini kinapotea nyuzi kama moja upande wa mashariki, Pemba hata hiyo moja haipo. Ndiyo maana baharini tangu zamani neno kibla lilikuwa linatumika kwa maana ya kaskazini, na mihrabu za misikiti yetu, tangu ile ya Kizimkazi Dimbani yenye maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107), zinatazama huko huko.

Sasa ndani ya chombo. Usiitegemee dira ya simu. Chombo ni chuma kitupu na injini chini, sindano ya simu inavutwa, utaona kibla kinazunguka kila ukisogea hatua mbili. Tumia ramani ya simu inayoonyesha chombo kinaelekea wapi, au muulize baharia.

Bila ya simu: kutoka Malindi kwanza chombo kinapanda na pwani ya magharibi ya Unguja, omo (mbele ya chombo) imeelekea kaskazini. Muda huo kibla ni omo moja kwa moja. Kikishaiacha Nungwi kinaelekea Mkoani, omo inakwenda upande wa mashariki kidogo, basi kibla kinakuwa mbele kushoto, kama saa ya ukutani upande wa saa 11 ikiwa omo ni saa 12. Kurudi ni kinyume: elekea tezi (nyuma ya chombo), kisha sogea kushoto kidogo. Kwenda Dar omo imetazama kusini, kibla chako ni tezi.

Mchana saa 7 jua halikusaidii, liko utosini. Alasiri linakusaidia: jua la magharibi liwe mkono wako wa kushoto, umekipata.

---

maalim_wa_chuoni

Ahsante, nahodha. Niongeze hukumu juu yake: katika sala ya fardhi chombo kikigeuka ukiwa ndani ya sala, nawe unageuka kwa hatua ndogo ukirudi kwenye kibla, sala haikatiki. Ukijua na ukaacha kugeuka, imebatilika.

---

bint_chake

Dada yetu asisahauliwe, maana wanaume mmehesabu kilomita mkaacha mfuko wa matapishi. Nayasema haya kwa fiqhi ya Shafii kama ilivyosomeshwa vyuoni:

Kutapika hakutengui udhu. Lakini matapishi ni najisi. Kwa hivyo udhu uko pale pale, ila mdomo usukutuliwe vizuri, na nguo au buibui lililopatwa lioshwe pale lilipopatwa kabla ya sala. Si lazima kubadilisha nguo nzima. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa ajili hiyo na khanga safi ya akiba. Mfuko wenye matapishi usiushike wala usiuweke mapajani ukiwa unasali, hata kama umefungwa fundo, kwa sababu unakuwa umebeba najisi. Uweke chini, mbali na nguo zako, au ukautupe kwanza kwenye pipa.

Na wewe kaka, udhu wako uko hatarini kuliko wake. Ukimshika mkeo mkono au kumfuta uso ngozi kwa ngozi, umetengukwa na udhu, na yeye pia. Katika madhehebu mke si maharimu katika jambo hili. Mshike juu ya nguo, au mshike kisha ukatie udhu tena. Ule msukumano wa kwenye daraja la kupandia nao ni hivyo hivyo: mikono ikigusana ya mwanamke na mwanamme wasio maharimu, bila ya kizuizi, udhu umekwenda. Nywele na kucha hazitengui. Kwa hivyo udhu wa kuutia nyumbani saa 5 usiuamini, tia tena ukishakaa.

Maji ya bafu ya chombo yakiwa ya chumvi, yanatosha. Maji ya bahari ni tohara na yanatoharisha. Lakini ile ya kupangusa mgongo wa kiti cha mbele ukajipaka usoni na kusema ni tayamamu, hapana. Tayamamu kwetu ni kwa udongo wenye vumbi, na maji yapo.

Usingizi: ukisinzia umekaa na makalio yameshikamana na kiti, udhu haujatenguka. Ukijilaza kwenye mkeka wa meli ya usiku, umetenguka, hata kama ni dakika tano.

---

mtendeni_kwetu

Bi Chake, ahsante, hilo la kumfuta uso nisingelijua. Swali dogo: yeye akisimama kizunguzungu kinazidi. Asali kwenye kiti?

---

bint_chake

Akiogopa kizunguzungu au kuanguka, asali amekaa, na hairudii. Lakini kukaa kunamuondolea kusimama tu. Kama sakafuni pana nafasi ya kusujudu na anaweza, akae sakafuni, rukuu ainame mpaka paji la uso lielekee mbele ya magoti, na sijda aweke paji chini kama kawaida. Kosa linaloonekana sana ni mtu anayeweza kusujudu kabisa lakini anabaki kwenye kiti, mgongo kwenye egemeo, anatikisa kichwa mara nne na kusema amesali. Kuashiria ni kwa aliyeshindwa.

Na kwa dada mwenyewe ningependa achukue njia ya jamu taakhiri: anuie kuchelewesha akiwa chomboni, apumzike, asali Mkoani au Chake kwenye ardhi isiyotikisika. Ruhusa imewekwa kwa hali kama hizo.

---

ustadh_mwera

Nakubaliana na mengi, ila suala la kilomita lisiwekwe kama hakuna mwingine aliyesema kitu. Aya ya 101 ya Suratu-Nnisaa imetaja kusafiri katika ardhi bila ya kuweka masafa, na wapo wanazuoni, akiwemo Ibn Taymiyya, waliosema kila kinachoitwa safari katika desturi za watu ni safari. Kwa kauli hiyo mdogo wa ndugu yetu anayevuka bahari kwenda Dar ni msafiri, nani atasema huyo hajasafiri? Na ndugu zetu Maibadhi, watu wa madhehebu ya Ibadhi, hapa hapa Unguja kwao mpaka ni farsakhi mbili, kama kilomita 12, na kupunguza kwao ni wajibu, si ruhusa.

---

maalim_wa_chuoni

Ni kweli, na hakuna ubaya kuzitaja. Lakini muulizaji ametaka madhehebu kwanza, basi nimpe jibu la Dar kwa mizani hiyo.

Malindi mpaka bandari ya Dar ni kama kilomita 74. Haifiki 82, na hata ukizichukua maili 48 kwa maili hizi za kawaida unapata 77, bado haifiki. Kwa hivyo kwa hesabu ya marhala mbili, anayekwenda Dar akaishia Dar hapunguzi, na kwa kauli yenye nguvu hakusanyi vile vile, kwa sababu kukusanya nako kunataka safari ndefu. Kuvuka maji hakubadilishi kitu: baharini masafa yanapimwa kama nchi kavu, hata ukiyakata kwa muda mfupi. Tanga kwenda Mkoani au Wete nako ni kama kilomita 70, hukumu ni hiyo hiyo.

Ila akiwa anakusudia Morogoro au Dodoma na Dar ni kituo tu, hesabu ni ya safari yote, na anapunguza tangu boti inapoondoka Malindi. Tahadhari: awe amekusudia tangu mwanzo. Aliyetoka kwa nia ya Dar, kisha akafika Dar akaamua kwenda Morogoro, masafa yake yanaanza kuhesabiwa Dar.

Mdogo wako akiwa anafuata kauli aliyoitaja ustadhi kwa kumuuliza mwanachuoni, hiyo ni taklidi yake na hatumkatalii. Akiwa anajiita Shafii na anapunguza kwa sababu ameona wenzake kwenye boti wanafanya hivyo, ajifunze, na zile sala alizozipunguza amuulize sheikhe wa karibu yake namna ya kuzilipa.

Na kwa kuwa Maibadhi wametajwa: ukisali nyuma ya Muibadhi msafiri akatoa salamu kwenye mbili ilhali wewe si msafiri, wewe inuka ukamilishe zako nne. Hakuna zaidi ya hapo.

---

mtendeni_kwetu

Nimekata tiketi ya kurudi Jumatatu usiku. Kwa hivyo nihakikishe nimefahamu. Alhamisi Adhuhuri nne msikitini Mjini. Alasiri Mkoani au Chake, mbili. Wete tukisali wenyewe nyumbani kwa wenye harusi, mbili. Nikisali na jamaa msikitini, nne. Ijumaa je? Na Jumatatu usiku, Magharibi na Isha nizipunguze vipi?

---

maalim_wa_chuoni

Alhamisi na Wete umeziweka sawa. Ijumaa: sala ya Ijumaa si wajibu kwako ukiwa msafiri, lakini ukihudhuria inakutosha badala ya Adhuhuri, na hiyo ni mbili za asili, haina kupunguzwa. Ukitaka unaweza kuikusanya na Alasiri kwa takdimu baada yake, rakaa mbili, kwa masharti yale yale: nia ndani ya Ijumaa na bila ya mwanya. Kuichelewesha Ijumaa mpaka Alasiri hakuna.

Jumatatu usiku wewe bado ni msafiri hapo Wete, kwa hivyo ruhusa unayo kabla ya kutoka, tofauti na ulivyokuwa Mjini Alhamisi. Baada ya adhana ya Magharibi sali tatu kamili, ukiwa umenuia ndani yake kukusanya, kimu, kisha Isha mbili. Sunna na witri baadaye. Unapanda gari kwenda bandarini ukiwa huna deni.

Linalobaki ni Alfajiri, na hiyo ndiyo inayopotea zaidi katika meli za usiku. Watu wanaona taa za Malindi wanasema tutasali tukishuka. Meli inangoja kufunga kamba, abiria wanangojana mlangoni na mizigo, jua linatoka. Wakati ukiingia, kama saa 11 hivi alfajiri, usitazame taa. Tia udhu, muulize baharia omo iko wapi, na usali humo ndani, mbili na kunuti yake.

---

baharia_wa_malindi

Na saa hiyo meli ikiwa imeshaingia bandarini na kugeuzwa kwa ajili ya kufunga kamba, sahau niliyosema ya tezi na omo. Tazama ardhi: Mji Mkongwe uko kusini yako, wewe upe mgongo.

---

mtendeni_kwetu

Allah awalipe nyote. Mke wangu ameisoma hii, keshatia khanga mbili na chupa ya maji kwenye mkoba wa mkononi, na ameniambia nisimshike mkono.